John Walker: Mwigizaji Aliyehesabu Silabi Kuanzia Mwisho

Katika sura hii tumekwisha kuona kwamba mkazo wa neno la Kiswahili, isipokuwa katika maneno machache, hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kanuni ni nyepesi, na mwanachuo huishika kwa siku moja. Lakini mwalimu wa Kiswahili hapa Uganda hafundishi watu wasio na lugha nyingine vichwani mwao. Wanafunzi wake wametoka kwenye kipindi cha Kiingereza dakika chache zilizopita, na humo wamekutana na maneno marefu ya masomo yao, mengi yakiwa na asili ya Kiyunani. Maneno hayohayo wanayakuta tena katika Kiswahili: jiografia, teolojia, demokrasia, biolojia. Hapo ndipo mikazo ya lugha mbili inapogombana. Wako wanaotamka Kiswahili kwa mkazo wa Kiingereza, na wako wanaotamka Kiingereza kwa mkazo wa Kiswahili. Nimewahi kuketi nyuma ya darasa nikimsahihisha mwanachuo aliyekuwa akifanya mazoezi ya kufundisha, kijana hodari katika kila kazi ya maandishi, nikamwona akinyamaza kabisa baada ya watoto kucheka alivyotamka jina la somo lake mwenyewe. Alikuwa ameweka mkazo palepale ambapo Kiswahili kingeuweka. Hakuwa mjinga, wala hakuwa mvivu; alitumia kanuni sahihi katika lugha isiyo yake.

Kwa ajili ya wanachuo wa namna hiyo nimeona yafaa kueleza maisha ya John Walker, Mwingereza aliyekuwa mwigizaji, kisha mwalimu, kisha mtunga kamusi, ambaye alitumia miaka mingi kuliko watu wengi wa zama zake kutafuta mahali pa mkazo katika maneno marefu na kuonyesha namna ya kuyakata katika silabi.

Walker alizaliwa tarehe 18 Machi 1732 katika kijiji cha Colney Hatch, kaskazini ya London. Baba yake alifariki angali mtoto. Mapema mno aliondolewa shuleni ili akajifunze kazi ya mikono, kama walivyofanyiwa yatima wengi wa nyakati zile. Yafaa tulikumbuke jambo hili, kwa sababu Uingereza ya karne ya 18 ilikuwa nchi ambayo Kiyunani na Kilatini vilikuwa mlango wa elimu yote ya juu. Mtoto wa tajiri alizikariri lugha hizo kwa miaka mingi, na mtu aliyekosea kutamka neno lililotoka huko alijitangaza palepale kwamba hakusoma. Aliyekuja kuwa mwamuzi wa maneno hayo alikuwa mtu ambaye hakupewa nafasi ya kukaa shuleni hadi mwisho.

Mama yake alipofariki, kijana huyo aliiacha kazi aliyofundishwa akajiunga na vikundi vya maigizo vilivyozunguka katika miji ya mikoani. Baadaye alipata nafasi London, katika jumba la maonyesho la Drury Lane, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya David Garrick, mwigizaji mashuhuri kuliko wote wa karne ile. Walker hakuwa nyota. Katika tanzia alipewa nafasi za pili, na katika vichekesho alipewa nafasi za watu wazito wenye kusema kwa makini. Mwezi Mei 1758 alimwoa mwigizaji wa kike wa vichekesho aliyejulikana zaidi kuliko yeye, aitwaye Myners, na mara wakavuka bahari kwenda Dublin, kwenye jumba jipya la Crow Street. Huko mwigizaji mkubwa wa kundi lao aliwaacha akaenda kwa washindani, na nafasi zake nyingi zikamwangukia Walker. Alisifiwa hasa kwa kumwigiza Cato na Brutus.

Mtu akiuliza jukwaa lina uhusiano gani na silabi, jibu liko katika sauti yenyewe. Mwigizaji wa zama zile hakuwa na kipaza sauti. Alilazimika kulifikisha kila neno kwa mtu aliyekaa kiti cha mwisho, na neno refu ambalo mkazo wake umekosewa halimfikii msikilizaji hata likipigiwa kelele. Tena, kati ya London na Dublin Walker alisikia watu wenye elimu sawa wakitamka maneno yaleyale kwa namna tofauti, kila upande ukiamini kwamba upande wa pili unakosea. Sikio lake lilifundishwa na kazi, kabla hajawa na kitabu chochote cha kumfundisha.

Alirudi London mwaka 1762 akaigiza katika jumba la Covent Garden, akaenda tena Dublin mwaka 1767, na mwaka 1768 akaliaga jukwaa kabisa. Januari 1769, akiwa na rafiki yake James Usher, alifungua shule huko Kensington. Ushirika wao ulidumu kama miaka miwili tu. Baada ya hapo Walker alijitegemea kwa kufundisha ufasaha wa kusema na kusoma kwa sauti. Alizunguka Uskochi na Ireland akitoa mihadhara, na huko Oxford wakuu wa vyuo walimwalika awafundishe wanafunzi wao kwa faragha. Yatima aliyetolewa shuleni akawa anawaelekeza vijana wa Oxford namna ya kufungua midomo yao.

Kazi yake ya kwanza kubwa ilitoka mwaka 1775, nayo ilikuwa kamusi ya namna ya pekee. Kamusi za kawaida hupanga maneno kwa herufi ya kwanza. Walker aliyapanga kwa herufi ya mwisho kurudi nyuma, hata maneno yote yenye mwisho mmoja yakakaa pamoja. Watu waliinunua kwa ajili ya vina, na msomaji wa Kiswahili aliyewahi kuhangaika kutafuta kina cha kati usiku wa manane ataelewa kwa nini. Kwetu sisi faida yake kubwa ni nyingine. Mtu anayesoma kamusi ya kawaida hawezi kuona kwamba maneno yanayoishia kwa -logy, -graphy, -metry, -nomy na -cracy yanafuata desturi moja, kwa sababu yametawanyika kuanzia A hadi Z. Katika kamusi ya Walker yanasimama kwenye mstari kama wanafunzi wa darasa moja, na mtu anayeyasoma kwa sauti husikia mkazo ukiangukia mahali pamoja neno baada ya neno.

Mahali hapo ni silabi ya tatu kutoka mwisho. Tazama neno la Kiingereza la jiografia, geography. Silabi zake nne ni ge-OG-ra-phy, na mkazo uko kwenye OG. Vivyo hivyo the-OL-o-gy, as-TRON-o-my, de-MOC-ra-cy. Neno likiongezwa mwisho mwingine, mkazo hauendi nalo kama mzigo uliofungwa. Huhama ili kuitafuta tena nafasi yake. Kutoka ge-OG-ra-phy tunapata ge-o-GRAPH-i-cal, na mkazo umeondoka kwenye OG ukaenda GRAPH, ambayo sasa ndiyo ya tatu kutoka mwisho. Likiishia kwa -ic, mkazo hukaa kwenye silabi iliyo mara kabla ya mwisho huo, ge-o-GRAPH-ic, ingawa Kiingereza, kwa ukaidi wake, kina maneno kama arithmetic na heretic yanayokataa.

Hali hii isimshangaze mwanachuo wa Kiswahili. Tunaposema andika, mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, a-NDI-ka. Tukisema andikisha, unahamia a-ndi-KI-sha. Tukisema andikishana, unahamia tena, a-ndi-ki-SHA-na. Lugha zote mbili, katika maneno haya, huhesabu kutoka mwisho. Tofauti ni kwamba Kiswahili huishia kwenye pili na maneno haya ya Kiingereza huishia kwenye tatu. Kwa hiyo jiografia ya Kiswahili ni ji-o-gra-FI-a, na teolojia ni te-o-lo-JI-a. Yule kijana aliyechekwa alikuwa amekosea kwa hatua moja tu.

Walker alieleza sababu yake pia. Neno kama hilo limeungwa na vipande viwili vya Kiyunani, na kati yake ipo irabu ya kuunganisha, mara nyingi o. Alisema kwamba mwisho wa maneno haya huuvuta mkazo uje kwenye kiungo hicho, mara kabla ya mwisho wenyewe, hata kama kwa maana kila kipande kingestahili kusikika chenyewe. Sikio haliheshimu mipaka ya maana. Katika theology maana hukatika kati ya theo na logy, lakini ulimi hukata the-ol, kisha o-gy, ukilitwaa l la kipande cha pili na kulipa kipande cha kwanza.

Maelezo hayo kamili yalikuja katika kitabu chake kikuu, kamusi ya matamshi iliyotolewa London mwaka 1791. Kabla yake Samuel Johnson alikuwa ametoa kamusi kubwa mwaka 1755, lakini Johnson aliweka alama ya mkazo tu, bila kuonyesha sauti za irabu. Thomas Sheridan, Mwailandi ambaye naye alikuwa mwigizaji kabla ya kuwa mwalimu, alitoa kamusi ya matamshi mwaka 1780. Walker alimfahamu Johnson na kumtembelea; Sheridan alimheshimu na kumkosoa kwa pamoja, hasa pale alipohisi kwamba masikio ya Dublin yalikuwa yanaamua badala ya yale ya London. Yeye aliweka nambari juu ya kila irabu ili msomaji ajue, kwa mfano, ni ipi kati ya sauti nne alizozihesabu za herufi a inayotakiwa. Mwanzoni mwa kamusi aliweka kanuni zaidi ya 500, kila moja na nambari yake, na ndani ya kamusi neno lenye utata lilimrudisha msomaji kwenye kanuni yake. Pale waandishi waliotangulia walipotofautiana, aliwataja kwa majina upande huu na upande ule, ndipo akatoa hukumu.

Sehemu ambayo ningependa kila mwalimu aijue ni ile ya kukata silabi. Wengi hudhani kwamba neno lina mkato mmoja sahihi, na mikato mingine yote ni makosa. Walker aliuliza kwanza: unamkatia nani? Akaonyesha kwamba neno lilelile la tahajia, orthography, laweza kukatwa kwa njia tatu, na zote zina haki. Ukiwa na mtoto ambaye hajawahi kulisikia neno na unataka azisome herufi zake kwa utaratibu, mkatie silabi zinazoishia kwa irabu kadiri iwezekanavyo: or-tho-gra-phy. Ukiwa na msomi anayetaka kujua asili na maana, mkatie kwenye kiungo cha Kiyunani: ortho-graphy. Ukiwa na mtu anayetaka kujua linavyotamkwa hasa na wenyeji, mkatie kwa sikio: or-THOG-ra-phy. Mkato wa kwanza ni wa kusoma, wa pili ni wa maana, wa tatu ni wa sauti. Mwalimu anayetumia wa pili mbele ya mtoto wa darasa la nne atamchosha, na anayetumia wa kwanza kufundisha matamshi atamfanya alitamke neno kwa namna isiyotumiwa na yeyote.

Katika Kiswahili hatusumbuki sana, kwa kuwa silabi zetu nyingi ni wazi na mkato wa kusoma hulingana na mkato wa sauti. Hata hivyo mkato wa maana tunao, na tunautumia kila siku tunapochanganua mofimu. Neno anasoma hukatwa a-na-som-a kwa mofimu na a-na-so-ma kwa silabi. Kila mwaka nasahihisha karatasi za mtihani ambamo mikato hii miwili imechanganywa, na kila mwaka namkumbuka Walker.

Kuhusu kipimo cha usahihi, alikuwa na nadharia iliyomletea wapinzani. Alisema matumizi ya lugha yana makundi matatu ya mashahidi: umma wa wasemaji, watu wa vitabu, na watu wa tabaka la juu. Mashahidi wawili kati ya hao wakikubaliana, matamshi yao ndiyo yashikwe. Mfano mzuri ni neno academy, ambalo asili yake ni jina la Kiyunani la mahali alipofundishia Plato. Johnson alikuwa ameandika kwamba zamani, na kwa haki, mkazo wake ulikuwa kwenye silabi ya kwanza, ingawa watu wengi walikuwa wameuhamishia kwenye ya pili. Walker alilijadili neno hilo kwa urefu. Alikiri kwamba wazee bado walikumbuka matamshi ya kwanza, na kwamba mashairi ya Shakespeare yaliyathibitisha. Lakini alisikia pia kwamba ulimi wa watu ulikuwa umelivuta neno likae pamoja na wenzake wa Kiyunani, mkazo wa tatu kutoka mwisho, a-CAD-e-my. Aliyaweka matamshi yote mawili, na yale mapya akayatanguliza. Hapo namwona katika ubora wake: anaijua historia, wala haitumii kama fimbo.

Hakuwa hivyo kila mara. Katika kamusi hiyo aliweka maelekezo kwa Waskoti na Waailandi ya namna ya kuacha lafudhi zao, na kwa watu wa kawaida wa London alikuwa mkali zaidi. Nadharia yake ya mashahidi watatu ilimpa maskini kura moja, na vitabu pamoja na ikulu kura mbili. Mwalimu asomaye maisha haya asilifunike jambo hilo. Kamusi iliyomsaidia mtu wa mkoani kuingia katika baraza la wakubwa bila kuchekwa ilimfundisha pia mtu huyo kuwacheka jirani zake.

Mwaka 1798 alitoa kitabu kingine, ambacho kwa maoni yangu kinaeleza zaidi moyo wake. Kilikuwa ufunguo wa kutamka majina ya Kiyunani, Kilatini na ya Biblia, kila jina likiwa limekatwa silabi na kuwekewa mkazo. Kanuni ya majina haya ilijulikana kwa wasomi: silabi ya pili kutoka mwisho ikiwa ndefu katika lugha ya asili, inachukua mkazo, ikiwa fupi, mkazo unarudi nyuma hadi ya tatu. Lakini herufi za Kiingereza hazionyeshi urefu huo. Jina kama Hyperion katika Kiyunani lina i ndefu, na kwa kanuni mkazo ungekaa hapo. Shakespeare aliuweka kwenye silabi iliyotangulia, na washairi wengine wakafuata. Msomaji asiyejua Kiyunani angejuaje? Angeketi kanisani, ameombwa asome sura yenye majina marefu, akitetemeka kabla hajafika kwenye mstari wenyewe. Kitabu cha Walker kilimwondolea hofu hiyo kwa gharama ya kufungua ukurasa. Kilichokuwa siri ya waliosoma shule kubwa kikawekwa katika orodha ya alfabeti.

Mkewe alifariki Aprili 1802. Walker aliendelea kurekebisha kamusi yake, akiongeza maelezo hapa na kuondoa pale, hadi mwisho wa maisha yake. Alifariki tarehe 1 Agosti 1807 nyumbani kwake katika barabara ya Tottenham Court, London, akiwa na umri wa miaka 75, akazikwa katika makaburi ya St Pancras.

Kamusi yake ilichapishwa tena zaidi ya mara 100 katika karne iliyofuata, Uingereza na Marekani. Mwaka 1828 mjini Boston ilitolewa kamusi iliyounganisha maana za Johnson na matamshi ya Walker katika juzuu moja, hata mwanafunzi wa Marekani akawa anasoma maana kwa mmoja na kuisikia sauti kwa mwingine. Ile kamusi ya mwaka 1775, iliyopangwa kwa herufi za mwisho, iliendelea kurekebishwa na kuuzwa hadi karne ya 20, ikinunuliwa na watunzi wa nyimbo na mashairi ambao wengi wao hawakujua kwamba mtungaji wake alikuwa Brutus wa Dublin.